Piga Kama Ilivyo

3 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu. Mimi ni mzima, ila jicho la kushoto limeanza kuona ukungu, na daktari ameniambia nipunguze kusoma. Nilimwuliza nifanye nini badala yake, naye akasema nisikilize redio.

Shirika la pili limenirudishia muswada. Walikaa nao miezi kumi na minne. Barua yao ina mistari sita, nami nakunukulia miwili: "Lugha ya kitabu hiki ni safi kuliko tuliyoizoea. Hata hivyo, wasomaji wetu wote watatu wamesema hawakumwona mama huyu." Hawakumwona. Nimemweleza kwa kurasa nane, tangu kilemba mpaka visigino. Nimeeleza pasi yake ya makaa, mabeseni yake, na mashuka ya wodi ya nne aliyoyafua kwa miaka ishirini na miwili. Sijui walitaka niwapelekee picha.

Sitanung'unika. Nilisahihisha prufu za watu wengine kwa miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha uchapaji, na jambo nililojifunza ni kwamba kazi ikirudi, inarudiwa. Nimekiandika kitabu chote upya kwa mkono. Ni madaftari saba, nawe utayapata pamoja na barua hii. Naomba unipigie chapa kama ulivyonipigia mara mbili zilizopita: nafasi mbili kati ya mistari na pambizo ya vidole viwili. Ubadilishe na utepe, maana mara iliyopita, kuanzia ukurasa wa mia, herufi zilikuwa zimechoka kuliko mimi.

Msalimie shemeji.

Kaka yako


19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Madaftari yamefika yote saba. Moja limelowa pembeni, lakini linasomeka. Shemeji yako anakusalimu. Anasema akiisikia tena mashine hii ikilia sebuleni, atahamia bafuni na kiti chake. Nimemwambia ahame tu, bafuni ndiko kwenye mwangwi zaidi.

Vidole vyangu si vile vya ofisi ya mwalimu mkuu. Zamani nilikuwa napiga barua arobaini kwa siku, na soga juu yake. Sasa nikipiga kurasa sita, lazima niloweshe mikono katika maji vuguvugu mpaka ikubali kukunjuka. Lakini nitamaliza, usiwe na wasiwasi.

Usinikasirikie kwa hili. Nimeshasoma madaftari matatu, na yule mama wa kitabuni anazungumza kama mkaguzi wa shule. Ukurasa wa ishirini anamwambia bintiye, "Ninakusihi uyaanike mashuka hayo kabla jua halijazama." Mama yetu angesema, "Hayo mashuka yanangoja nani, mume wako?" Wewe ulikuwepo. Unakumbuka.

Tena kuna jambo la pili. Nimefungua daftari la sita nikaona sura ya kumi na moja ni ileile. Mama anakata roho, mwana ameketi kitandani, amemshika mkono. Nimeshaipiga mara mbili, na sikusema neno. Sasa nauliza tu: lazima iwe hivyo? Hukuwepo, kaka. Hakuna anayekulaumu. Ulikuwa umefungiwa kiwandani na karatasi zile za mitihani, na ukoo mzima unajua. Lakini aliyekuwepo ni mimi.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, nami nakujibu kwa mpangilio.

Kwanza, mama wa kitabuni si mama yetu. Hii ni riwaya. Mwana si mimi na binti si wewe, na mwandishi ana haki ya kumketisha mtu kitandani. Pili, mama yetu alizungumza alivyozungumza kwa sababu hakupelekwa shule. Kosa hilo halikuwa lake, na sioni sababu ya kulichapa katika nakala elfu mbili. Tatu, kazi yako ni kupiga chapa, na hakuna anayeifanya vizuri kuliko wewe. Piga kama ilivyo.

Ukimaliza, niletee niipitie kabla sijaituma. Unajua walivyonicheka kiwandani kwa kusoma prufu kinyumenyume, kuanzia neno la mwisho la ukurasa wa mwisho, rula ikiwa juu ya mstari, mpaka neno la kwanza. Nilifundishwa hivyo na msahihishaji aliyenitangulia. Alisema ukiifuata maana, maana itakushika mkono na kukupitisha juu ya makosa bila wewe kujua. Usiifuate. Tazama neno moja, kisha lile lililolitangulia. Kwa njia hiyo sikupitwa na kosa hata moja katika mitihani ya miaka ishirini. Waliniita Bwana Nukta, na sikuliona kuwa tusi.

Kaka yako


11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Ni kurasa mia mbili na kumi na nne, zimefungwa kwa kamba mbili. Samahani kwa kuchelewa. Nilipofika daftari la sita nilisimama wiki nzima. Mikono. Halafu nikaendelea.

Zipitie vizuri.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Nimezipitia kwa siku kumi na moja, kutoka nyuma kuja mbele, nikipumzisha jicho kila baada ya kurasa tano. Nimekuta makosa kumi na manne tu. Kwa umri wako hiyo ni sifa. Ukurasa wa tisa una nukta mbili mahali pa moja. Ukurasa wa 163, neno "amefungiwa" lilikosa herufi moja, nami nimeirudisha kwa wino. Sura ya kumi na moja imepungua kurasa mbili. Nadhani ulibana mistari ili kuokoa karatasi. Usirudie.

Nimeutuma muswada kwa shirika la tatu. Ni dogo, na ofisi yake iko juu ya duka la miwani. Kwa mtu wa jicho langu, huenda hapo ndipo mahali panapostahili.

Ahsante kwa kazi yako.

Kaka yako


8 Septemba

Mzee wetu,

Shikamoo. Mimi ndiye mhariri wa shirika ulilolitumia muswada wa Dobi wa Wodi ya Nne. Naomba radhi kwa kukuweka miezi mitatu bila jibu. Hapa tuko wawili, na mwenzangu pia ndiye anayepokea simu.

Nitasema kweli. Kurasa mia moja na hamsini za kwanza zilinishinda kwa usafi wake. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kukukatalia. Kisha nikafika sura ya kumi na moja.

Binti yuko peke yake na mama. Kila gari linapopunguza mwendo barabarani, mama anauliza, "Ndiye?" Binti anajibu, "Bado, yuko njiani." Mara ya tano binti anachoka kudanganya, ananyamaza, na mgonjwa ndiye anayemliwaza mzima: "Amefungiwa mwanangu. Angekuwa na mlango, angekuwa hapa." Halafu anamwambia, "Na hili shuka linyooshe. Dobi mzima nife juu ya makunyanzi, watu watasemaje?"

Nilifunga mlango wa ofisi kwa muda. Mwenzangu alidhani nimepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Tuko tayari kukichapisha kwa masharti mawili. La kwanza, mama azungumze hivyo kitabu kizima. La pili, sura ya kumi na mbili haipatani na iliyotangulia. Humo mwana anakumbuka alivyomshika mama mkono, ilhali tumetoka kuambiwa kwamba hakufika. Tunataka kujua alikuwa wapi siku ile. Hiyo sura iandike upya.

Nangoja jibu lako kwa hamu.

Mhariri


17 Septemba

Mdogo wangu,

Leo nimeisoma nakala yangu ya sura ya kumi na moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama wasomavyo watu wengine. Sikuiandika mimi.

Nilikupa madaftari yale kwa sababu wewe ni mtu pekee ambaye sikuwaza kwamba atahitaji kuchungwa. Kiwandani kwetu, mpiga chapa akibadilisha neno moja la mwandishi bila kumwambia, alipewa barua ya onyo. Wewe umebadilisha kurasa tisa. Nami nikazipitia neno kwa neno, nikaiweka kwa wino herufi iliyokosekana, kisha nikazituma kwa jina langu. Ingekuwa ni mtu mwingine aliyefanya hivyo, ningemcheka mpaka jioni.

Mhariri amekipenda kitabu kwa ajili ya kurasa hizo. Nakuambia ili ujue kwamba sikufichi. Nilikataliwa mara mbili kwa kazi yangu, na mara ya tatu nimekubaliwa kwa kazi ya mtu mwingine.

Nimeandika barua ya kuuondoa muswada. Iko hapa mezani, sijaituma. Nataka kwanza uniambie kwa nini. Uniambie na jambo moja zaidi: yale maneno ya mama kuhusu kufungiwa, aliyasema, au umeyatunga?

Kaka yako


25 Septemba

Kaka,

Shikamoo.

Aliyasema. Neno kwa neno, pamoja na lile la shuka. Nililinyoosha, akasema, "Sasa hapo," kisha hakusema tena.

Unauliza kwa nini. Nilipiga sentensi ya kwanza ya sura ile, "Mwana aliushika mkono wa mama yake," nikasimama. Wiki nzima ilikuwa hivyo: nakaa mbele ya mashine, nasoma mstari huo, nainuka. Mara mbili nilishakuweka wewe kwenye kiti changu. Unakijua kiti kile? Kilikuwa na mguu mbovu, na kwa siku tatu nilikalia upande mmoja. Mgongo huu ninaoulalamikia ulianzia pale. Mara ya tatu vidole vikapiga kilichokuwepo. Nilijua utazipitia kurasa. Nilisema moyoni, akiiona ataifuta, na yataisha. Hukuiona.

Nimekosa. Sema unachotaka kusema, nitakaa kimya, ingawa shemeji yako hataamini. Daftari la sita bado ninalo. Ukitaka, nitaipiga sura kama ulivyoiandika, na mhariri umwambie lolote. Lakini usiiondoe kazi yako. Tuna umri gani wa kuanza tena na shirika la nne?

Na hiyo sura ya kumi na mbili haina ugumu. Mwana alikuwa amefungiwa kazini mama yake akifa. Hiyo si aibu, huo ni mkasa. Andika ilivyokuwa kule ndani. Hata mimi sijawahi kukusikia ukisimulia.

Mdogo wako


14 Novemba

Mzee wetu,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba umekubali masharti, na umefanya kazi haraka kuliko waandishi walio nusu ya umri wako. Mama sasa anazungumza. Ukurasa wa ishirini nilicheka peke yangu, na mwenzangu akataka asomewe.

Sura mpya ya kumi na mbili imeandikwa vizuri, nami siiamini. Najua sasa jinsi wachapaji wa mitihani walivyokuwa wakifungiwa wiki tatu: madirisha yaliyobandikwa karatasi, chakula kinachopitishwa kidirishani, magodoro katikati ya marundo ya karatasi, na askari anayepekua hata soksi. Yote hayo nimeyaona. Lakini siku ya pili inakuja simu. Msimamizi anamwita mwana ofisini, mwana anaambiwa mama yake yu hoi, kisha anarudi kwenye meza yake na kuendelea kusahihisha. Kurasa tisa, na hajagusa kitasa cha mlango hata mara moja.

Mtu aliyefungiwa huomba kufunguliwa. Huyu haombi. Kwa nini?

Naomba ujaribu tena.

Mhariri


22 Januari

Mzee wetu,

Shikamoo. Nimeipokea sura iliyorudiwa. Sasa anaomba, na msimamizi anamkatalia kwa ukali. Unisamehe, lakini msimamizi huyo ni wa kubandika. Kitabu kizima hakina mtu mbaya ila yeye, naye ana mistari minne tu. Ameletwa ili abebe mzigo wa mtu mwingine. Nairudisha.

Sipendi kukuharakisha, ila bodi inakutana tarehe 30 Aprili kupanga vitabu vya mwaka. Nimekitetea kitabu hiki mara mbili. Sura hii isipopatikana kabla ya siku hiyo, sitaweza kukitetea mara ya tatu, na nafasi yake itapewa kingine.

Mhariri


3 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa jicho moja. La kushoto limekataa kabisa, na la kulia linafanya kazi ya mawili kwa manung'uniko. Barua ya mhariri nimeiambatanisha, usome mwenyewe.

Nimechoka. Siandiki hivyo ili unihurumie. Nakuarifu tu. Ni mwaka mzima tangu nilipokutumia yale madaftari, na ni miaka sita tangu nilipoanza. Mashirika mawili yamenikataa, na sasa sura moja inanikataa. Kila asubuhi nakaa mezani na karatasi nyeupe. Naandika mstari, nausahihisha, naufuta kwa sababu umesahihishwa mno, kisha nasikia mwenye nyumba akifagia ngazi na najua kwamba saa nne imefika, nami sina kitu. Jana niliandika neno moja, "Mwana". Nikalitazama mpaka chai ikapoa.

Huyu binti mhariri anauliza swali lilelile kila mara. Sidhani kwamba nina jibu la kumpa. Nafikiri niache. Watu wengi wamekufa na miswada chini ya vitanda vyao, na hakuna aliyeona upungufu.

Kaka yako


12 Februari

Kaka,

Shikamoo. Ukiacha sasa, nitapanda basi nije huko na mgongo wangu huu, nawe utanibeba ngazi zote tatu, mwenye nyumba akitazama na fagio lake. Sitanii.

Nimeisoma barua ya mhariri. Shemeji yako pia ameisoma, akasema binti huyo angefaa kuwa polisi. Lakini hakuuliza vibaya. Anataka kujua kwa nini mwana hakuomba kutoka. Mjibu, basi. Sheria zilikuwa kali, ungepoteza kazi. Au hukujua kwamba hali ni mbaya kiasi kile.

Hilo la mwisho nakuambia kwa sababu limenikaa. Aliyepiga simu ni mimi. Nilipigia pale hospitali, dirishani kwa karani, watu wamejipanga nyuma yangu, nami nalia. Nilimpa msimamizi ujumbe, kisha akakuita, nikakuambia mwenyewe. Sikumbuki nilisema nini. Miaka kumi na minane sasa nalala na kuamka najiuliza kama nilikwambia "anaumwa" au nilikwambia "anakufa". Huenda ulikwenda ukakaa mezani kwako ukidhani kuna siku zaidi. Huenda mimi ndiye sikusema vizuri.

Kama ndivyo ilivyokuwa, liandike. Sitakasirika. Nitalipiga.

Mdogo wako


21 Februari

Mdogo wangu,

Ulisema vizuri. Nilisikia kila neno.

Nakuletea sura ya kumi na mbili. Nimeiandika kwa siku moja, kurasa tano, na sikuirudia. Isome yote kabla ya kuingiza karatasi kwenye mashine. Ukikubali kuipiga, piga kama ilivyo. Usipokubali, nirudishie tu bila barua, nami sitauliza.

Anwani ya shirika iko nyuma ya bahasha.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Nimeipiga. Kurasa tano za mkono zimekuwa saba za mashine. Zimechukua wiki tano, na safari hii si kwa sababu ya vidole.

Kwa hiyo msimamizi alikwambia uende. Aliandika karatasi ya ruhusa palepale, akaitia saini na muhuri, akasema gari la kiwanda litakupeleka mpaka stendi. Nawe ukaikunja ukaiweka mfukoni, ukarudi kwenye mtihani wa hesabu, kwa sababu kulikuwa na kurasa thelathini zilizobaki na hukumwamini mtu mwingine kuzisoma. Siku mbili karatasi ile ilikuwa mfukoni mwako. Umeandika kwamba ulikuwa unaigusa kila ukimaliza ukurasa. Umeandika kwamba tatizo halikuwa mtihani. Uliogopa kumwona alivyokuwa, na kurasa thelathini zingekwisha ungetafuta nyingine thelathini.

Mimi nilimwambia mama umefungiwa. Alikufa na neno hilo, akakutetea kwa neno hilo. Msibani nililisema kwa kila aliyeingia mlangoni kabla hajauliza: kaka amefungiwa, ni sheria ya mitihani, hana la kufanya. Nimewaambia wanangu. Siku ya tatu ulipofika, ulikaa kwenye kiti karibu na dirisha, na niliendelea kulisema mbele yako, tena kwa sauti, ili usione haya. Ukanisikiliza.

Na miaka yote hii nikajihesabu mimi mwenye kosa la simu.

Shemeji yako alinikuta nimekaa mbele ya mashine bila kupiga, akauliza kuna nini. Nikamwambia utepe umekwama. Siku ya tatu akaleta utepe mpya. Nikaufunga kwenye mashine.

Nilifikiri kuichoma. Kisha nikafikiri kuibadilisha, nawe unajua naweza. Ingetosha kuongeza mstari mmoja tu: gari la kiwanda liwe limeharibika. Ungekuwa na nusu ya sababu. Nilikaa na mstari huo siku nzima. Nimeuacha. Sikuongeza, sikupunguza. Uliyakosea maneno sita katika kurasa tano, na hayo nimeyasahihisha, kwa sababu hayakuwa sehemu ya habari.

Leo asubuhi nimeipeleka posta mwenyewe, moja kwa moja kwa mhariri, isije ikapitia kwako ukaisafisha. Itafika kabla ya mkutano wao. Kitabu ni kizuri. Nakwambia kama mpiga chapa.

Usiniandikie kwanza. Nitakapoweza, nitakuandikia mimi.

Mdogo wako


6 Mei

Mzee wetu,

Shikamoo. Bodi ilikutana, na kitabu kimepita bila mtu kupinga. Sura ya kumi na mbili sikuigusa. Mwenzangu aliisoma akasahau kupokea simu.

Prufu ziko katika bahasha hii. Zitie saini unirudishie. Kitabu kitaingia mtamboni tarehe 15 Julai. Nahitaji pia maneno ya tabaruku, ya kumtunukia mtu kitabu, kwa maana ukurasa huo upo na bado hatujui unamtaja nani. Usiandike marefu, mstari mmoja unatosha. Na kama ungependa kumshukuru mpiga chapa wako, tuambie. Kazi yake ni safi sana, hatukuona kosa.

Hongera, Mzee. Najua tumekuchosha.

Mhariri


28 Juni

Mhariri wetu,

Salamu. Prufu nakurudishia zikiwa na saini. Masahihisho ni manne, yote madogo, nami nimeyaonyesha kwa wino mwekundu pambizoni.

Kuna jambo nililokuficha kwa muda wa miezi tisa, na sasa nalisema kwa sababu baada ya mtambo halitarekebishika. Sura ya kumi na moja si yangu. Iliandikwa na mdogo wangu, ambaye wewe unamjua kama mpiga chapa. Alikuwa katika chumba kile, nami sikuwemo. Jina lake nimeliandika katika karatasi ya pembeni, na ningependa lichapwe chini ya kichwa cha sura hiyo. Sijamwomba idhini, kwa kuwa ameniagiza nisimwandikie, na agizo hilo nalitii. Mwombeni ninyi. Akikataa, liondoeni, na mniarifu ili niandike dibaji nieleze bila kulitaja. Nisichokubali ni sura hiyo kusomwa kana kwamba niliiandika mimi.

Kuhusu tabaruku, nimeandika mistari kadhaa na kuifuta. Kuna mtu ambaye nangoja barua yake. Sijui kama atataka kukishika kitabu hiki, sembuse kutajwa katika ukurasa wake wa mbele, na si haki nimtaje kabla sijajua. Kila siku saa sita nakwenda kutazama sanduku la posta. Nitaendelea kwenda.

Tarehe 15 Julai ikifika na mimi sijawaandikia, msiusimamishe mtambo kwa ajili yangu. Uchapeni ukurasa ule ukiwa mtupu.

Wako katika kazi,
Mwandishi